Maswali Yasikome Mwaka 1994

Kila unapokaribia mwisho wa Septemba, na hapa Afrika Kusini tarehe 24 ya mwezi huo ni Siku ya Urithi, wanafunzi wa mtaa wetu wa Fordsburg huonekana wakipanda ngazi za majumba ya ghorofa, daftari mkononi, wakitafuta wazee wa kuwahoji. Ni desturi njema, wala sikukusudia kuitia dosari. Mtaala wa historia wa darasa la 9 unamtaka mwanafunzi akusanye masimulizi ya mdomo, apate kujua namna utawala wa ubaguzi ulivyogusa maisha ya watu na namna watu hao walivyoukabili. Basi vijana huja, huuliza, huandika, hushukuru, huenda zao. Nami ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya hapa habari za ukoo wetu, uliotoka Oman, ukaota mizizi Unguja, kisha ukatawanywa na upepo wa dunia, nastahili kuwa wa kwanza kuifurahia desturi hii. Naifurahia. Lakini nina neno moja la kulisema juu yake: tunawafundisha vijana kumwuliza mzee habari za zamani zake, hatuwafundishi kumwuliza habari za uzee wake.

Haya ni mambo mawili, si jambo moja. Zamani ni kile alichokipitia. Uzee ni hapo alipo. Mwanafunzi aliyeandika kurasa tano juu ya sheria za ubaguzi amejifunza historia, na historia ni elimu kubwa. Lakini hajajifunza hata kidogo maana ya kuwa na miaka 80: kuzika wenzako mmoja mmoja, kuhesabu ngazi kabla ya kuzipanda, kuwa na akili timamu ndani ya mwili usiotii, kuogopa kuwa mzigo, au kupata utulivu ambao ujana haukuwahi kuujua. Hakuna kijana wa leo atakayerudi kuishi mwaka 1956. Lakini kila mmoja wao, Mungu akimjaalia umri, atakuwa mzee. Elimu atakayoihitaji zaidi ndiyo asiyoiuliza.

Fordsburg ni mahali pazuri pa kuanzia kuitafuta elimu hiyo, kwa sababu hapa historia na umri wa watu vimefungamana kuliko tunavyokiri. Mtaa huu ulianzishwa mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya Johannesburg yenyewe, na kwa vizazi vingi umekuwa makao ya Waislamu na Wahindi wa mji huu. Upande wa kaskazini kuna Pageview, ambayo wenyewe waliipenda kwa jina la Fietas. Mwaka 1950 ilipitishwa Sheria ya Maeneo ya Makundi; mwaka 1956 Pageview ikatangazwa kuwa ya Wazungu; na katika miaka ya 1970 maduka ya Mtaa wa 14, yaliyokuwa yakivuta wanunuzi wa kila rangi, yakafungwa na mengi yakabomolewa. Wafanyabiashara waliletwa Oriental Plaza, hapa kwetu Fordsburg. Familia zao zilipelekwa Lenasia, mwendo wa kilomita 30 hivi kusini mwa mji. Wachache walikataa wakabaki. Leo Mtaa wa 14 una jumba la makumbusho la Fietas, na picha alizozipiga David Goldblatt zimehifadhi sura za watu na milango ambayo haipo tena.

Habari hiyo wanafunzi wetu wanaijua. Wasichokifanya ni kuandika umri pembeni ya mwaka. Tuna jirani, bibi wa asili ya Gujarat, ambaye familia ya mumewe ilikuwa na duka la vitambaa Pageview. Walipohamishwa yeye alikuwa na miaka 24, na baba mkwe wake alikuwa na miaka 68. Ulikuwa mkasa mmoja kwa nyumba moja. Lakini ukimsikiliza kwa utulivu, utaona kuwa yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Yeye anaikumbuka Lenasia kama mahali alipozalia watoto, alipopanda mwembe, alipoanza upya kwa shida na kwa nguvu. Baba mkwe hakuanza upya. Alipewa nafasi Plaza akaenda siku chache, kisha akawa anakaa nyumbani akikunja na kukunjua daftari la wadeni ambao hawakuwa tena majirani zake. Sheria iliyochukua duka la kijana ilimchukulia mali. Iliyochukua duka la mzee ilimchukulia pia muda wa kupata jingine. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "familia ilihamishwa katika miaka ya 1970" ameandika ukweli, lakini jambo lenyewe limempita.

Mfano mwingine unajulikana na kila mtu hapa. Ahmed Kathrada alizaliwa mwezi wa Agosti 1929. Alipohukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya Rivonia, Juni 1964, alikuwa na miaka 34. Alipotoka jela, Oktoba 1989, alikuwa na miaka 60. Tumezoea kusema alifungwa miaka 26, na hesabu hiyo ni sahihi, lakini si kila miaka 26 ni sawa na mingine. Ile iliyochukuliwa kwake ndiyo ambayo watu huoa, hupata watoto, hujenga nyumba na huanza kuona mvi. Mwenyewe alisema mara nyingi kwamba jambo lililomsumbua sana kisiwani Robben lilikuwa kuishi bila kuona watoto. Alitoka akiwa amekwisha kufika mlangoni mwa uzee, akaishi hadi Machi 2017, na katika miaka hiyo alizungumza na wanafunzi. Ningependa wanafunzi wamjue si kwa kifungo chake tu, bali pia kwa namna mtu anavyoweza kuanza upya maisha yake ya hadhara akiwa na miaka 60, wakati ambapo wengine wanahesabu kuwa yao yamekwisha.

Sasa nije kwenye mwaka 1994. Dodoso wanazokuja nazo vijana, kwa kuwa zinahusu ubaguzi, hukoma katika uchaguzi wa mwaka ule. Swali la mwisho karibu kila mara ni: ulijisikiaje ulipopiga kura kwa mara ya kwanza? Mzee hueleza foleni ndefu, kijana hutabasamu, daftari hufungwa. Lakini aliyekuwa na miaka 45 siku ile ameishi baada yake miaka zaidi ya 30. Ndiyo miaka aliyozeeka. Katika daftari la mwanafunzi, miaka hiyo haimo. Kana kwamba mzee alipofika kwenye sanduku la kura aliwekwa kabatini kungoja kuhojiwa.

Na wako wazee ambao kwa dodoso hilo hawana hata cha kujibu. Mama yangu mkubwa, aliyezidi miaka 80, alizaliwa Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 20. Baada ya mwaka 1970, Oman ilipowafungulia mlango watu wake waliokuwa Afrika Mashariki, alikwenda Maskati pamoja na mumewe, na mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa mjane, akamfuata mwanawe huku Johannesburg. Siku moja alikuja msichana wa shule, mtoto wa majirani zetu wa Kitanzania, akamsalimu kwa adabu, "Shikamoo, bibi," akaketi mkekani. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya maisha chini ya ubaguzi. Mama mkubwa akamjibu, "Mwanangu, mimi wakati huo sikuwapo hapa." Msichana akatazama karatasi yake, akaona maswali yote yanatokana na lile la kwanza, akaomba radhi, akafunga daftari. Alikunywa chai, akala na kaimati, akaondoka. Simlaumu hata kidogo. Alitumwa kutafuta kitu fulani, na kitu hicho hakikuwamo katika nyumba ile. Lawama ni ya karatasi.

Kwani angeuliza, angesikia nini? Angesikia namna mtu anavyozeeka katika nchi ya tatu. Angesikia kwamba mwenye kisukari aliyefunga Ramadhani miaka 60 bila kukosa, daktari anapomkataza, haoni kuwa amepunguziwa taabu. Huona amenyang'anywa kitu, na hukaa futari na wenziwe kwa haya, japo sheria ya dini imemruhusu kula. Angesikia habari za ngazi: nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, lifti haipo, na kwa hiyo Mint Road, ambayo sisi tunaishukia mara tano kwa siku, kwake imekuwa safari ya Ijumaa peke yake. Angesikia kuhusu Kiswahili chake. Dada zake wote wamefariki, na wale waliokuwa wakisema naye Kiunguja cha mjini, chenye mafumbo na mizaha ya kina mama wa wakati ule, hawapo tena. Sisi tunamwelewa, lakini hatuwezi kumjibu kwa lahaja ile. Aliniambia neno ambalo tangu nilisikie sijaacha kulifikiri: kwamba hakuna tena duniani mtu anayemwita kwa jina lake la utotoni. Hilo halimo katika kitabu chochote cha historia. Ni habari ya uzee, na ni mzee tu awezaye kuitoa.

Kuna watakaosema kwamba sisi watu wa pwani hatuhitaji somo hili, kwa kuwa heshima kwa wazee tumeinyonya. Methali zetu zashuhudia: jungu kuu halikosi ukoko, utu uzima dawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nazipenda methali hizo, lakini tuzitazame vizuri. Zote zinamsifu mzee kwa kile anachotupatia sisi: ukoko wa kukwangua, dawa ya kunywa, onyo la kutuepusha na kuvunjika. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayouliza hali ya jungu lenyewe.

Hata maandishi yetu yana tabia hiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili akiwa mzee Unguja, na habari yake ikachapwa mwanzoni mwa karne ya 20; alifariki mwaka 1905. Ni kitabu chenye thamani kubwa kwa historia na kwa lugha. Lakini karibu chote ni safari, pembe, vita na hesabu za mali. Mzee aliyekuwa akisimulia, aliyekwisha kurudi mjini na kukaa barazani, humwoni. Tofauti na yeye, Shaaban Robert aliipa nusu ya tawasifu yake jina la umri: Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu, hivyo uzee wenyewe hakuufikia. Lakini aliuona umri kuwa ni jambo la kuandikiwa. Na Bi Kidude, aliyetuaga Aprili 2013 bila mtu kujua kwa hakika alizaliwa mwaka gani, aliwazoeza watu kuhesabu umri kwa matukio na kwa sarafu za zama, si kwa cheti. Yeye aliimba jukwaani mpaka uzee mkubwa, na waliokwenda kumsikiliza walijifunza kuhusu ukongwe bila kuhutubiwa.

Asemaye kwamba heshima ya methali yatosha, na atazame pia yanayotokea si mbali na Mombasa. Katika kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma huwa kuna ugomvi wa ardhi na mkono wa jamaa wa karibu. Huko Ganze, pale Kaya Godoma, pana makao ya kuwahifadhi waliookoka. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wa kike wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilowapikia watoto wao miaka 50. Sidai kwamba daftari la mwanafunzi litawazuia wauaji wenye tamaa ya shamba. Lakini tamaa peke yake haitoshi. Inahitaji umati unaoamini. Mtu ambaye hajapata kuelezwa kuwa uzee huleta usahaulifu, kuzungumza peke yako, kutembea usiku bila kujua uendako, atayaona hayo yote na kuyatafutia maelezo mengine. Kutojua uzee, huko, ni jambo la kufa na kupona.

Wataalamu nao wamelisema kwa njia yao. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba tabia ya wazee kurejea maisha yao ya nyuma si dalili ya akili kuchakaa, kama wengi wa zama zake walivyodhani, bali ni kazi ya lazima ya nafsi inayojipatanisha na umri wake. Ndiye pia aliyeasisi, mwaka 1969, neno la Kiingereza la ubaguzi dhidi ya wazee, akiufananisha na ubaguzi wa rangi. Mwaka 2002 Becca Levy na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 660 wa mji mmoja mdogo wa Ohio: waliokuwa na mtazamo mwema juu ya kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya wale waliokuwa na mtazamo mbaya. Uchunguzi huo haukusema kuwa kusimuliana hadithi huongeza umri, na tusiutwike usichokibeba. Lakini unatuambia kuwa yale tunayoyaamini juu ya uzee hatuyaachi nje ya mwili tunapozeeka. Na hayo tunayaamini tangu tukiwa watoto.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza, kwamba wazee hujipamba katika masimulizi, na mengine huyaficha. Ni kweli. Sisi wa ukoo wa Kiarabu wa Unguja tunalijua hilo kuliko wengi. Nyumbani kwetu husimuliwa kwa urefu tuliyofanyiwa mwaka 1964, na kwa ufupi sana habari za watumwa waliolima karafuu za mababu zetu. Kwa hiyo kijana afundishwe kusikiliza kwa heshima na kupima kwa akili. Yote mawili huenda pamoja. Aulize kwa upole, "Bibi, na waliokuwa wakifanya kazi shambani, walikuwa akina nani?" Mara nyingine mzee aliyenyamaza miaka 60 huwa anangoja tu mtu wa kumwuliza, na kukaribia mwisho humfanya aseme alichokwepa kusema alipokuwa na jina la kulinda. Hiyo pia ni sehemu ya kuzeeka.

La pili, kwamba maswali ya uzee ni ya aibu na faragha. Hapa jibu ni adabu, na adabu tunayo. Mzee asihojiwe kwa siku moja na mgeni mwenye simu ya kurekodi. Mwanafunzi aende mara ya kwanza kusalimu tu, mara ya pili kusikiliza, mara ya tatu kuuliza. Akishaandika, arudi amsomee mwenyewe alichoandika, na mzee awe na haki ya kufuta. Asiyetaka kusema aachwe.

La tatu, kwamba walimu hawana muda. Nakubali wamelemewa, wala siombi somo jipya. Naomba mambo matatu tu yaongezwe katika kazi iliyopo. Kila penye mwaka, kiandikwe na umri wa msimulizi. Maswali yasikome mwaka 1994, bali yafike hadi asubuhi ya leo. Na orodha ya wanaohojiwa isiwe ya mashujaa na wenyeji peke yao. Katika vibaraza vya Fordsburg na Mayfair wamo mafundi cherehani wa Kimalawi, wazee wa Kisomali, Wakomoro, Watanzania, waliokuja wakiwa na nguvu na sasa wanazeeka mbali na makaburi ya wazazi wao. Baadhi yao karatasi zao hazitoshi kuwapatia ruzuku ya wazee ambayo raia huanza kuipata akiwa na miaka 60. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni jamii hata kama hakuajiriwa kamwe. Aliye huku ameikosa ile ya kule, na ya hapa haijamfikia. Kijana akimhoji mzee kama huyo, atajifunza kwamba uzee haupangwi na mwili peke yake. Hupangwa pia na sheria, na sheria huandikwa na watu ambao bado hawajazeeka.

Kwa jamaa wanaosoma hapa, walioko Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai na London, ombi langu ni dogo zaidi. Tumechora vizuri mti wa ukoo, na majina tunayo hadi babu wa saba. Likizo ijayo, watoto watakapokwenda kuwaamkia wakubwa wao, wasiwatume majina tu. Wawaulize ni jambo gani wanaloliweza leo ambalo wakiwa na miaka 30 hawakuliweza. Ni lipi limewatoka ambalo wanalililia. Nani anawaita kwa jina lao la utotoni. Na wangependa sisi tufanye nini nao siku ambayo hawataweza tena kutuambia. Majibu yaandikwe, pembeni yake uwekwe umri wa aliyejibu na umri wa aliyeuliza. Baada ya miaka 50 mwulizaji atayahitaji.